Upinde Uliotiwa Mafuta ya Nazi

Mdogo wangu Hamad ndiye aliyelifungua sanduku la fidla. Tulikuwa tumekaa chumbani kwa marehemu Baba, arubaini imeshapita, tunagawana vile vitu ambavyo mirathi haina habari navyo: kofia zake, bakora, redio iliyokufa zamani. Hamad akainua kifuniko, na kabla sijaona kilichomo, harufu ikanifika. Mafuta ya nazi yaliyochacha, na nyuma yake, mbali sana, asumini. Nikaiweka chini kofia niliyokuwa nimeishika. Papo hapo nilikuwa mtoto wa miaka saba au minane, nimevaa gauni la Idi linalonikwaruza shingo, na Bibi yangu Mize kakaa mbele yangu na chanuo mkononi.

Ndani ya sanduku mlikuwa na pinde mbili. Mmoja singa zake, zile nywele za mkia wa farasi, nyeupe, zina vumbi la sandarusi kama mwenyewe alivyoziacha. Wa pili umeviringishwa kwenye kipande cha kanga, na singa zake zimekuwa nyeusi, zimegandana, ukizigusa zinanata.

"Huu umeharibika," Hamad akasema. "Haulii huu. Tuutupe."

Nikamwambia asubiri kidogo. Simlaumu Hamad. Wakati wa mambo hayo alikuwa bado hajaiona dunia. Mama alikuwa kwao Kojani, amekwenda kumzaa yeye. Basi nitaeleza, kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyinyi wa umri wangu mnaoikumbuka Wete ya utoto wetu, pale ambapo kila mtu alijua nyumba fulani leo inapika nini.

Baraza yetu ilitazamana na duka la Kanji Sonara. Kanji alikuwa Mhindi wa kuzaliwa pale pale, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Mimi nilikuwa nishaanza kuchanganya ya skuli. Vipuli, vikuku, mikufu, kila bi harusi wa upande wetu alipita mikononi mwake. Mkewe na watoto walikuwa wametangulia Bara Hindi, na yeye kabaki peke yake na nyundo zake ndogo na mizani iliyotiwa kwenye kijaluba cha kioo. Jioni akishafunga mlango, alitoa sitar yake. Ala yenye shingo ndefu kama mtoto wa punda, na tumbo lake ni boga kubwa lililokaushwa. Alikaa chini, akakunja miguu, akavaa kidoleni pete ya waya aliyoisokota mwenyewe, akaanza.

Pembeni pake hapakukosa kisahani chenye pamba iliyoloweshwa mafuta ya nazi. Kila baada ya muda alizigusisha pamba ile ncha za vidole vya mkono wa kushoto, ili viteleze juu ya waya bila kukatika. Mafuta yale yalikuwa ya Bibi. Bibi aliyakuna, akayakama, akayachemsha mwenyewe, na chupa ya Kanji ilitengwa kabla ya chupa ya mtu mwengine yeyote.

Hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu Bibi Mize hakuwa na subira na muziki. Baba yangu Faki alikuwa kiongozi wa fidla katika chama cha taarabu cha mjini kwetu, na Bibi, mama yake mzazi, hakuwahi hata siku moja kwenda kumsikiliza. Fidla aliiita "mlango wenu." Akisikia Baba anajinoa chumbani, atasema, "Faki, ufunge mlango wako huo, unatulilia." Lakini mama yake Kanji na Bibi walikuwa chanda na pete, na yule mama alipokaribia kufa alimwambia Bibi neno moja tu: nakuachia huyu. Basi Kanji alikuwa na ruhusa zake. Sitar ikilia, Bibi alinyamaza, na mara nyingine alisahau uradi wake katikati.

Na alikuwa na fikra zake kuhusu jambo lile. Siku moja alimkuta Baba anasugua upinde wake kwa donge la sandarusi, unga mweupe unamwagika mkekani. Akasimama akamtazama.

"Kanji anampa mwenzake mafuta," akasema, "na mwenzake anamjibu maneno matamu. Wewe wako unamlisha unga mkavu. Tangu lini ntu mwenye koo kavu akaimba?"

Baba akacheka. Angejua yatakayokuja, labda angemwelezea pale pale kwamba singa bila sandarusi haziwezi kuukamata uzi, zinateleza tu. Lakini mama mtu huelezwa fidla saa ngapi?

Zama zile siasa zilikuwa zimeshaingia. Watu walianza kuulizana asili kabla ya kuulizana hali. Kulikuwa na maduka ambayo fulani haingii, na maziko ambayo fulani hazikwi na fulani. Kwa Kanji hakuna aliyekwenda kufanya ubaya. Watu walipungua tu. Bi harusi wakaanza kupelekwa kwengine. Jioni moja nilikuwa nimelala ubavu kwenye baraza, kichwa mapajani kwa Bibi, nikamsikia Kanji anamwambia Baba kwamba baada ya Idi atapanda meli, amfuate mkewe.

Kanji akaendelea, anaongea polepole, macho kwenye njia.

"Nimezaliwa hapa, Faki. Mikono yangu kila ntu anaijua, imo masikioni na shingoni mwa wake zao. Lakini hii," akaigusa sitar, "hakuna aliyeisikia ila nyinyi na kuku wenu. Nitaondoka kama niliyekuja kufanya biashara tu."

"Watakusikia," Baba akasema. "Idi Pili, ukumbi wa skuli. Wewe na sisi pamoja."

Nikainuka nikakaa. Kanji ndiye aliyenitoboa masikio, akanipigia hadithi ya sungura mpaka nikasahau kulia. Kanji aondoke aende wapi? Lakini siku chache baadaye nilipata tamaa, na tamaa yenyewe niliipata kwa seremala.

Kanji hakuweza kupigia kwenye kiti, na ukumbi wa skuli haukuwa na jukwaa. Akikaa chini, walio nyuma hawatamwona hata kichwa. Baba akapeleka mbao za mfenesi kwa seremala, ukachongwa ulingo mfupi, upana wa mtu na ala yake, miguu imekatwa nakshi. Nilipouona ukiletwa kwetu, nilijua mambo yamekwisha. Kwani samani hutengenezewa nani? Hutengenezewa anayekuja: kitanda cha bi harusi, kitanda cha mtoto. Anayeondoka hufungiwa mkoba, hachongewi kitu. Kwa hiyo, nikapiga hesabu zangu, Kanji akisikilizwa akapendwa, atakaa. Hata nilipomwona anazipaka mafuta nyundo zake na kuzifunga kwenye vitambaa, nilisema anasafisha kwa ajili ya sikukuu. Nikawatangazia watoto wote wa mtaa kwamba Kanji haendi popote, nikasema kwa yakini kama nimeambiwa na Mudiri mwenyewe, mkubwa wa serikali pale mjini.

Mazoezi yalifanyika ukumbini kwetu nyumbani, kwa sababu chumba cha chama kilikuwa kinapakwa chokaa. Zilikuwapo fidla kadhaa, chelo moja ya Bwana Seif, na lile besi kubwa ambalo mpigaji husimama nalo kama anacheza na mke mnene. Na matatizo yalianza mapema. Sitar ina makao yake, haihami; nyuzi zake zimekazwa pale zilipo, basi. Baba akawaambia wenzake washushe nyuzi zao, wamfuate Kanji.

"Fidla zote hizi zimfuate ntu mmoja?" Bwana Seif akauliza. Alikuwa mtu mzuri, lakini mdomo wake ulikuwa hauna mlango. "Mgeni ndiye anayemfuata mwenyeji."

"Mgeni ni nani hapa, Seif?" Baba akamuuliza.

Seif akamtazama Kanji, Kanji akajishughulisha na pete yake ya waya. Kisha Seif akashusha nyuzi. Ananung'unika, lakini akashusha.

Walipokwisha kulingana, Baba akavuta upinde mara moja, na sitar ikaguna peke yake. Kanji alikuwa hajaigusa. Mikono yake ilikuwa magotini. Nikapiga ukelele nikakimbilia jikoni kwa Bibi, nikamwambia boga la Kanji lina shetani. Kwetu Pemba neno hilo halisemwi kwa mchezo, na Bibi alikuja hadi mlangoni na mwiko wake. Kanji akatuonyesha nyuzi nyembamba zilizopita chini ya zile kubwa, hazipigwi na mtu, zinaitikia tu zikisikia sauti ya daraja yao.

"Hamna shetani," Bibi akaniambia, akirudi kwenye chungu chake. "Zinaitikia. Kama wewe, nikiita Aziza unageuka. Nikimwita mwengine hugeuki."

Aziza ndilo jina langu. Kwa hiyo nilielewa.

Lakini kulingana hakukutosha. Sauti ya sitar ni ndogo, ni ya mtu anayesema na wewe karibu. Fidla zikivutwa kwa pamoja zinajaa chumba kama maji ya bamvua, na Kanji anazama. Wakipunguza, wanasikika kama wagonjwa. Wakinyamaza kabisa, Kanji anabaki peke yake, na hilo silo aliloahidiwa. Walijaribu hivi, wakajaribu vile. Siku ya Idi Mosi Baba alikula pilau bila kujua anakula nini.

"Tukimfuata tunamfunika," alimwambia Bibi. "Tukimwacha tunamtupa. Kesho watu watakaa pale watamwona anachezesha vidole, wasisikie kitu. Afadhali nisingemwahidi."

Bibi akamwongeza nyama kwenye sahani. "Zenu zinakwaruza," akasema tu.

Idi Pili hafla ilipangwa baada ya Laasiri, ili watu wa kisiwa cha Fundo wawahi kurudi kwao kabla ya giza. Adhana ilipolia, wanaume wa chama waliondoka kwenda kusali, na Kanji kwenda kwake kuvaa, wakaziacha ala zimelazwa mkekani kwetu, pinde zimepangwa juu ya ulingo wa Kanji. Bibi alisali upesi chumbani, akanirudia. Alikuwa ananichana mimi. Akanifunga ukili wa mwisho wa nywele, akanitia asumini, akajifuta mikono, na macho yake yakaanguka kwenye zile pinde.

Sasa zitazame kwa macho yake. Ni nywele. Nywele ndefu, nzuri, za singa kweli, lakini kavu, zimejaa unga mweupe mfano wa mba. Na siku yenyewe ni sikukuu. Mwanamke wa Kipemba ataziachaje?

Akauvuta ule wa kwanza mapajani. Akaufuta unga wote kwa kitambaa, taratibu, anaanzia juu anashuka chini. Akachovya vidole kwenye bakuli lake, yale mafuta mazuri yaliyolazwa na asumini, ya harusini, akaupaka mpaka ukang'ara. Akachukua na wa pili. Alipofika wa Baba, aliutia zaidi.

"Atasikika mwanangu," alisema. Sikujua anamsema nani, Baba au Kanji. Mimi nilikuwa nimekaa naye pale na niliona ni jambo la haki kabisa. Nilishangaa tu kwa nini hakuna aliyelifikiria mapema. Wanaume waliporudi msikitini wakabeba kila kitu mbio mbio kwenda skuli, hakuna aliyepata wasaa wa kuutazama upinde wake.

Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akavaa buibui, akachomeka kikuba cha asumini kifuani, akanishika mkono, tukaenda taarabuni.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mmoja, na manong'ono yalipita pale Bibi alipoingia, maana msimamo wake ulijulikana. Akapasuliwa njia akakaa mbele. Kanji alikuwa juu ya ulingo wake, kanzu nyeupe, ala mapajani, jasho limeshamtoka. Wapo waliokuwa wakicheka chini chini. Kijana mmoja nyuma aliuliza kwa sauti kama sonara siku hizi anauza maboga.

Baba akainua fidla akaiweka begani, akawatazama wenzake, akavuta.

Hakukutoka kitu. Upinde uliteleza juu ya nyuzi kama mtu aliyekanyaga ukoga kisimani. Akavuta tena. Bwana Seif naye akavuta chelo yake, nayo kimya. Mmoja akatoa sandarusi mfukoni akaisugua kwa haraka, ikafanya uji. Watu wakaanza kucheka waziwazi, na Kanji pale juu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kuambiwa ashuke.

Baba akauleta upinde puani. Akanusa.

Nilikuwa namtazama, na nakumbuka uso wake ulivyokwenda. Kwanza hasira. Kisha akageuza macho polepole upande wa wanawake, akamwona mama yake. Mama yake ambaye miaka yote hakutia mguu kwenye taarabu, kakaa mstari wa mbele, mikono mapajani, uso umemkunjuka, anangoja aisikie kazi aliyoifanya. Alimtikisia kichwa Baba, kama kumwambia, haya, anza.

Neno moja tu la Baba lingetosha. Watu walikuwa tayari kucheka, na mji wetu ulikuwa na kumbukumbu ndefu. Bibi angeitwa Mize Mafuta hadi kaburini. Baba akauweka upinde chini, kwa adabu, kama mtu anayeweka msahafu. Akaishusha fidla begani akaikumbatia kifuani, na kwa kidole akaudonoa uzi mmoja. Akaudonoa tena. Seif akamtazama, akatazama alikotazama Baba, na mimi namshukuru marehemu yule mpaka leo, kwa sababu mdomo wake usio na mlango ulifungwa. Naye akatupa upinde, akaanza kudonoa. Wakafuata wengine wote.

Zikawa zinadondoka, sauti ndogo ndogo, matone ya mvua kutoka kwenye makuti. Hazikujaa chumba tena. Na kati ya tone na tone palikuwa na nafasi, na kwenye nafasi hiyo Kanji aliinua kichwa, akachovya vidole kwenye pamba yake, akaingia.

Nimesikia muziki mwingi tangu hapo. Sijasikia tena ukumbi mzima ukinyamaza vile. Alikuwa anauvuta uzi mmoja hadi unalia kama mtu, kisha anauachia unarudi, na fidla zinamjibu kwa vidole, na zile nyuzi za chini zisizoguswa zinaitikia zote kwa pamoja. Kila mtu alimsikia. Watu wa madirishani walimsikia. Yule kijana wa maboga nilimwona kaegemea ukuta na mdomo wazi.

Katika taarabu zetu mtu akiguswa huinuka akaenda kutunza. Wa kwanza kuinuka alikuwa Bibi. Akavuka ule uwanja wote katikati ya watu, na buibui lake, akachomoa kikuba kifuani, akakilaza juu ya ulingo karibu na goti la Kanji. Kanji hakuacha kupiga, lakini machozi yalimtoka mbele za watu. Halafu wanawake wakainuka mmoja baada ya mmoja, na ulingo wote ukawa asumini.

Nilirudi nyumbani narukaruka. Kapendwa, basi hataondoka.

Baada ya siku chache alikuja kuaga. Bibi akampa chupa ya mafuta, kubwa kuliko zote, akaifunga mdomo kwa nta.

"Bi Mize," Kanji akamwambia, "siku ile mafuta yako ndiyo yaliyonifanya nikasikika."

"Niliwaambia miaka yote," Bibi akasema. "Wanaume hawasikii."

Kanji akamtazama Baba, Baba akatazama mlangoni. Hakuna aliyesema zaidi, siku ile wala baadaye. Kila mwenye fidla katika chama aliapishwa na Baba asiseme, na Bibi aliishi mpaka mwisho wake akijua kwamba aliwatengenezea ala zao. Hafla zilizofuata alikuwa akitokeza na bakuli lake, na wao wanaficha pinde chini ya vitanda na kumwambia, ahsante Bi Mize, zimeshapakwa.

Lakini mimi asubuhi ile nilipoona ubao umepigiliwa kwenye mlango wa duka, nilimwingilia Baba kwa hasira. Nilimwambia amenidanganya. Mtu kachongewa ulingo, katunzwa maua, kaondoka vipi? Na ulingo uko kwetu umebaki!

Baba alinikalisha juu ya ulingo ule ule. Hakucheka.

"Sikumchongea ili asiende," akasema. "Kwenda ilikuwa lazima aende. Ntu akiondoka kwenu hajasikilizwa, ameondoka mgeni. Sikutaka Kanji aondoke mgeni."

Sikumwelewa, nikalia, nikamwambia simpendi. Akaniacha nilie. Kisha akauchukua upinde wake uliotiwa mafuta. Wenzake walikwisha badilisha singa zao zote, waliletewa nyingine kutoka Unguja. Yeye alinunua upinde mwengine mzima. Ule wa zamani akauombea kwa Bibi kipande cha kanga chakavu, akauviringisha, akaulaza kwenye sanduku.

"Huo huutumii tena?" Bibi akamuuliza.

"Huu nauweka," Baba akasema. "Huu ni wa siku kubwa."

Hayo ndiyo niliyomweleza Hamad, tumekaa chini chumbani kwa Baba na kofia zimetuzunguka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauchukua upinde, akaunusa, akaugeuza geuza.

"Lakini haulii," akasema.

"Najua," nikamwambia. Nikaupokea, nikaufunga tena kwenye kanga ya Bibi.